Avis Tebbutt na Jiwe Lililolazwa Kifudifudi

Wasikilizaji wapendwa, habari za mchana. Hapa ni Malcolm Chawner. Kwa kawaida kipindi hiki nakifungua kwa sauti ya upole, maana tunakumbuka wafu, na wafu wana staha yao. Leo sauti ya upole nimeitafuta tangu asubuhi nikaikosa. Nina hasira, na sitaificha. Mnivumilie.

Leo tunamkumbuka Avis Tebbutt wa kijiji cha Ollerthorpe. Narudia jina, maana yeye mwenyewe alikuwa mkali sana kwenye majina. Avis Tebbutt. Alizaliwa mwaka 1939, nyumba ya tatu kutoka kanisani. Alifariki mwezi wa kumi, mwaka 2023, nyumba ya tano kutoka kanisani. Miaka themanini na minne, na safari ya maisha yake yote ni nyumba mbili. Lakini msidanganyike. Yule mama alisafiri kuliko mimi na wewe. Alikwenda mpaka mwaka 1680 na kurudi, akiwa amepiga magoti kwenye nyasi zenye maji.

Avis alikuwa mpishi wa shule ya msingi kwa miaka ishirini na sita. Wengi mnaonisikiliza mmekula kwa mkono wake. Mnakumbuka kastadi yake, nzito mpaka kijiko kinasimama peke yake. Mnakumbuka alivyokuwa anasimama nyuma ya meza, mikono kiunoni, anasema, "Hakuna anayeondoka na njegere kwenye sahani. Hata wewe, Malcolm." Nilikuwa mwalimu pale, wasikilizaji. Nilikuwa na miaka thelathini. Nilizimaliza njegere.

Mwaka 1994 alistaafu. Wiki ya kwanza tu akaenda makaburini kumtafuta bibi yake mzaa mama. Jiwe akalipata, lakini hakuweza kulisoma. Mawe yetu mengi yanatazama mashariki. Asubuhi mapema jua linayapiga usoni, na herufi za zamani zilizokwisha kulika zinamezwa na mwanga. Mchana yako kivulini, na herufi hazionekani kabisa. Avis alirudi nyumbani, akafungua kabati la nguo la marehemu mama yake, akang'oa kioo kilichokuwa kwenye mlango.

Mumewe, Denis, dereva wa lori aliyestaafu, alinisimulia hivi: "Nilikuwa nakunywa chai. Nasikia kraa! Natazama, mke wangu anatoka na kioo cha kabati. Nikamuuliza, Avis, unakwenda wapi na hicho? Akanijibu, nakwenda kumwonyesha bibi jua."

Akakiweka kile kioo kwenye toroli, akakisukuma mpaka makaburini. Akalinasa jua kwenye kioo akaligeuzia jiwe kutoka ubavuni. Nuru ikija kutoka ubavuni, kila herufi inapata kivuli chake, hata iliyobaki kina cha ukucha. Akamsoma bibi yake. Halafu akamsoma jirani wa bibi yake. Halafu akanunua daftari.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Alihesabu mawe yote ya uwanja wa kanisa. Yalikuwa mia nne na kumi na mawili. Akayapa namba, mstari kwa mstari, kutoka lango la kusini mpaka ule mti mweusi mkubwa ulioko kona ya kaskazini. Aliapa kuyasoma yote, na kuyaandika yote, kisha kuchapisha kitabu. Mawe mia nne na kumi na mawili. Shikeni hiyo hesabu.

Sasa, huku kwetu jua halina ratiba. Unaweza kukaa wiki mbili hujaliona. Kuna wiki Avis alisoma mawe manne. Kuna mwezi hakusoma hata moja, akawa anazunguka jikoni akimlaumu Denis kana kwamba mawingu ni yake. Alikuwa na brashi laini ya kufutia vumbi, maji ya mvua kwenye chupa, chai kwenye chupa nyingine, na kipande cha pai ya nyama ya nguruwe kwenye karatasi. Hakukwangua jiwe hata siku moja. Ukimkwangulia jiwe alikuwa anakufukuza makaburini, awe nani. Alishawahi kumfukuza askofu mstaafu.

Na alichokisoma alikiandika kama kilivyo. Mchonga mawe wa zamani alikuwa hana kifutio. Akisahau herufi, anaichonga kadogo juu ya neno, inaning'inia pale miaka mia tatu mbele ya kijiji kizima. Avis alizipenda hizo. Siku moja nilimwambia tusahihishe, tuandike neno vizuri. Alinitazama kama nimeacha njegere.

"Malcolm, bata wangu," akasema, maana ndivyo tunavyoitana huku hata tukiwa tumekasirikiana, "huyu mtu alikosea mwaka 1741, akaona aibu, akarekebisha. Wewe unataka kumnyang'anya aibu yake?"

Kulikuwa na neno moja ambalo alinionyesha mara nyingi. Mawe ya familia yanaanza na mtu mmoja. Hapa amelala fulani. Chini yake linakuja neno: "Na pia". Na pia mke wake. Chini tena: na pia mtoto wao, miezi minne. Na pia. Na pia. Kuna jiwe moja lina "na pia" saba. Avis aliwahi kuweka kidole hapo, akasema, "Hili ndilo neno zito kuliko yote humu ndani. Unadhani habari imekwisha. Kumbe bado."

Wasikilizaji wapendwa, sasa nafika pale pa hasira.

Mwezi wa pili mwaka 2006, Avis alikuwa amesoma mawe mia tatu arobaini na sita. Lililofuata lilikuwa jiwe namba mia tatu arobaini na saba, kona ya kaskazini, karibu na ule mti mweusi. Alikuwa amelisafisha kwa brashi. Alikuwa anangoja jua. Jua halikuja, badala yake nyonga ikagoma. Akapelekwa hospitali kubadilishwa nyonga, akakaa na kupumzika kwa dada yake wiki sita.

Ndani ya hizo wiki sita, baraza la kanisa lilikutana. Ajenda ilikuwa usalama wa makaburi. Mahali fulani, mbali, jiwe lilikuwa limemwangukia mtu, na kila mtu nchini akashikwa na woga. Tukaambiwa ije kampuni iyasukume mawe moja moja. Lililo imara lisimame. Linalocheza lilazwe chini. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu jioni. Nilikuwa na njaa, na mke wangu alikuwa ameoka samaki. Mwenyekiti akauliza, wanaokubali? Mimi niliinua mkono.

Narudia, kwa sababu sitaki mtu mwingine aliseme kabla yangu. Mimi, Malcolm Chawner, niliinua mkono. Sikuuliza watayalazaje, wala nani atasimamia. Niliinua mkono nikaenda kula samaki.

Wakaja watu wawili na gari. Wakasukuma mawe mia nne na kumi na mawili kwa muda wa asubuhi moja. Kumi na tisa yalicheza. Kumi na nane waliyalaza chali, maandishi yanatazama juu, kama inavyotakiwa. La kumi na tisa liliwaponyoka. Lilikuwa nene, jiwe la mchanga, lina uzito wa ndama. Likaanguka kifudifudi, uso kwenye udongo. Wakalitazama. Wakaona muda wa chakula umefika. Wakaondoka.

Mnajua lilikuwa namba ngapi. Mia tatu arobaini na saba.

Avis alirudi na magongo mawili. Alikwenda makaburini kabla hajaingia nyumbani kwake. Kisha akaja kwangu. Sikumkaribisha ndani, maana hakunipa nafasi.

"Malcolm, uliinua mkono?"

"Niliinua."

"Wa kulia au wa kushoto?"

"Wa kulia."

"Basi huohuo ndio utakaonishikia kioo mpaka nimalize."

Nilikuwa mshika kioo wake kwa miaka kumi na saba. Niliadhibiwa, na ile adhabu ikawa urafiki mkubwa kuliko wote niliowahi kuwa nao. Lakini siku ile sikujua. Siku ile nilidhani tutaligeuza jiwe Jumamosi.

Sikilizeni vizuri, maana mimi mwenyewe ilinichukua miaka miwili kuelewa. Jiwe la kaburi katika uwanja wa kanisa halisogezwi bila ruhusa ya dayosisi. Sawa. Ili upate ruhusa, lazima warithi wa marehemu wakubali, au uonyeshe kuwa umewatafuta ukawakosa. Sawa. Ili uwatafute warithi, lazima ujue jina la marehemu. Sawa. Jina la marehemu limeandikwa kwenye jiwe. Na jiwe limelala kifudifudi. Ili usome jina, lazima uligeuze. Ili uligeuze, lazima upate ruhusa.

Mmeona? Kuligeuza kunataka jina. Jina linataka kuligeuza.

Fomu ilikuwa na kurasa sita. Kifungu cha nne kiliuliza: jina la marehemu. Avis akaandika kwa mwandiko wake mnyoofu: "Silijui. Ndiyo maana naomba." Fomu ikarudi baada ya miezi mitano, imepigwa mhuri. HAIJAKAMILIKA.

Akajaza nyingine. Kwenye kifungu cha nne akaandika: "Limo upande wa chini." Ikarudi. Akaandika: "Tafadhali njooni mlitazame." Hawakuja, lakini ikarudi. Mwaka wa nne alijaribu kuacha wazi. Ikarudi haraka zaidi kuliko zote. Rejista za kale za mazishi ziliungua zamani kwenye moto wa ofisi ya mnara wa kanisa, kwa hiyo huko nako hakuna. Wachungaji wakabadilika, watatu. Makarani wa dayosisi wakabadilika, siwezi kuwahesabu. Kila mpya alianza na barua yenye maneno yaleyale: tunaomba utuwekee bayana jina la marehemu.

Mchimba makaburi wetu, Colin Sleath, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa, alichoka kabla yetu. Alimfuata Avis mchana kweupe. "Bi Tebbutt, mimi na mtaimbo, dakika tano. Naligeuza, unasoma, nalirudisha. Nani atajua?"

"Mimi nitajua," Avis akasema. "Miaka yote nawafukuza watu wasiguse mawe. Leo nikiligeuza kwa wizi, kesho atakuja mwingine na mtaimbo wake, naye ana sababu nzuri kama yangu. Asante, Colin. Chukua pai."

Wasikilizaji, nilitaka kulia kwa hasira. Nilimwambia wewe mama ni mkaidi kuliko hilo jiwe. Mawe yaliyobaki, kuanzia mia tatu arobaini na nane hadi mia nne na kumi na mawili, tuliyamaliza mwaka 2009. Daftari lilikuwa limejaa. Mchapaji alikuwa tayari. Pengo lilikuwa moja tu. Denis alimbembeleza: "Mke wangu, andika tu haijulikani, tuchape, tupumzike."

"Haijulikani ni neno la wavivu," Avis akajibu. "Huyu mtu anajulikana. Kaandikwa. Sisi ndio tumemlaza kwenye jina lake tukakaa juu."

Aliposema "sisi" alinitazama mimi. Na kitabu hakikuchapwa. Kwa sababu ya mtu mmoja, watu wa mawe mia nne na kumi na moja walingoja kwenye droo ya jikoni, chini ya vitambaa vya meza.

Mwaka 2014 alifanya jambo ambalo hatukulielewa. Aliomba dayosisi imtengee mahali pa kuzikwa. Mama yake na bibi yake wamelala upande wa kusini, penye jua, na nafasi ilikuwepo. Yeye akachagua kona ya kaskazini, chini ya ule mti mweusi, penye majimaji, ubavuni kabisa mwa jiwe namba mia tatu arobaini na saba. Denis aligombana naye siku tatu.

"Pale pana baridi, Avis! Hata konokono hawapataki!"

"Panatufaa."

"Panamfaa nani? Mimi sipataki!"

"Wewe utazoea. Utakuwa umekufa."

Ile ruhusa ilikuja ndani ya wiki sita. Wiki sita, wasikilizaji wapendwa! Kulala pale alikubaliwa kwa wiki sita. Kumsoma jirani yake hakukubaliwa kwa miaka kumi na saba. Mkinisikia nagonga meza hapa studio, ndiyo, ni mimi.

Avis alifariki Jumapili asubuhi, kitandani kwake, baada ya kifungua kinywa. Fomu ya kumi na nne ilikuwa mezani jikoni. Kifungu cha nne kilikuwa kitupu.

Mazishi yalipangwa Alhamisi. Jumatano, saa nne asubuhi, Colin alinipigia simu kutoka makaburini. "Malcolm, njoo. Mwambie Denis aje na kioo."

Tulimkuta Colin amesimama na majembe yake, mkononi ana bahasha iliyokunjamana. Alikuwa nayo kwa miaka tisa. Avis alimpa siku ileile ruhusa ya kaburi lake ilipokuja, akamwambia asiifungue mpaka siku atakayomchimbia yeye. Colin ni mtu wa aina hiyo. Hakuifungua.

Ndani kulikuwa na ukurasa mmoja, umenakiliwa kutoka kwenye kanuni za wachimba makaburi. Aya moja ilikuwa imepigiwa mstari kwa penseli. Mchimba kaburi anaweza, bila ombi la ziada, kulisogeza kwa muda jiwe lililo jirani, endapo uzito wake unahatarisha ukingo wa shimo. Pembeni, kwa ule mwandiko mnyoofu: "Kusogeza ni pamoja na kugeuza, Colin. Nimempigia simu mwanasheria wao nikauliza. Hakujua anaongea na nani."

Denis aliusoma mara mbili. Kisha akacheka mpaka akashika mti. "Huyu mwanamke! Huyu mwanamke! Na mimi nikagombana naye siku tatu juu ya konokono!"

Avis alikuwa amepeleka ombi lake la mwisho, wasikilizaji. Safari hii halikuwa na kifungu cha nne. Badala yake alijiweka yeye mwenyewe.

Tukaweka mbao. Colin akaingiza mtaimbo. Binti yao, Lorna, alikuwa amefika kutoka mjini, naye akashika upande mmoja akiwa bado na viatu vyake vya ofisini. Mchungaji wetu wa sasa, Philippa, alishika upande mwingine, akasema, "Kwa mara ya kwanza hapa sihitaji kumwandikia mtu barua." Jiwe likanyanyuka. Likasimama kwa ubavu. Likageuka.

Halikuwa na kitu.

Jiwe la mchanga halipendi maji. Kwa miaka kumi na saba lilikuwa limenyonya unyevu wa kona ile. Tulipolinyanyua, uso wake wote ulibaki chini, umemeguka vipande vyembamba na changarawe. Kilichoinuka ni mgongo, na upande wa mbele ulikuwa mtupu, hauna hata nukta.

Colin alitukana mbele ya Mchungaji. Mchungaji hakumkataza. Mimi nilipiga teke ndoo, na sioni aibu kulisema. Miaka kumi na saba! Mwanamke amefanya kila kitu kwa haki, amesubiri, amejaza fomu kumi na nne, amekubali kulala kwenye kona ya konokono, na sisi tulikuwa tunalisubiri jina ambalo lilikuwa linaoza kila siku tukiwa tumelisimamia. Kama Colin angetumia ule mtaimbo mwaka wa kwanza, lingekuwepo. Na kama mimi ningeuliza swali moja tu kwenye kile kikao. Moja tu.

Denis alikaa kwenye ubao. Alikuwa anatazama chini, pale jiwe lilipokuwa. Baadaye akanyoosha mkono akachukua brashi ya mkewe, ile laini, akaanza kufagia ile changarawe taratibu, kama mtu anayefuta makombo mezani. Nilidhani ni huzuni. Kisha akasema, "Malcolm. Mbona kuna herufi?"

Tukainama wote watano. Chini ya changarawe kulikuwa na udongo wetu wa mfinyanzi, ule wa kijivu unaong'ang'ania viatu. Jiwe lilipoangukia pale lilikuwa zima. Lilijikandamiza kwenye udongo kwa uzito wake wote, na udongo ukaingia ndani ya kila herufi ukaishika. Jiwe lilisahau. Udongo haukusahau. Herufi zilikuwa zimetuna, mstari kwa mstari, kutoka mti hadi njia.

Lakini zilikuwa kinyume. Kulia kushoto, kushoto kulia. Hakuna aliyeweza kusoma hata neno.

Denis aligeuka akanitazama. Nami nilikwisha kukifuata kile kioo.

Nilikishika kwa mkono wa kulia, wasikilizaji wapendwa. Mkono uleule. Nilipiga magoti kwenye tope, nikakiinamisha mpaka Denis akasema hapo, hapo, usitikisike. Ndani ya kioo cha kabati la mama yake Avis, maandishi yaligeuka yakawa sawa. Denis alisoma kwa sauti, kidogo kidogo, kama mtoto wa darasa la kwanza. Lorna alikuwa ameshika daftari.

Alipofika kwenye jina alisita. "Kuna herufi moja iko juu. Ndogo. Inaning'inia."

"Iandike inavyoning'inia," Mchungaji akasema.

Akasoma mpaka mstari wa mwisho. Hapo akasimama.

"Na pia," Denis akasema.

Tukangoja. Lorna akauliza, "Na pia nani, baba?"

"Basi. Imeishia hapo. Na pia, halafu pako wazi."

Jiwe lilikuwa la mke, na mume wake alikuwa ameacha nafasi yake mwenyewe. Mchonga mawe alimchongea neno la kumkaribisha, lakini yeye hakurudi kulijaza. Labda alihama. Labda alioa tena akazikwa kwingine. Hilo sijui, na sitabuni. Lorna aliuliza kama aliandike hilo neno lisilo na mwisho. Denis akamjibu, "Usipoliandika mama yako atatoka kwenye jeneza."

Lorna alipiga picha kwa simu. Saa sita mvua ilianza. Colin alitandika turubai, lakini shimo lilipaswa kuchimbwa, na kufikia saa tisa zile herufi zilikuwa tope. Alhamisi tulimzika Avis. Jiwe likarudishwa mahali pake, chali, kama kanuni inavyosema.

Sikuachia hapo. Nilijaza fomu ya kumi na tano mimi mwenyewe, kuomba jiwe lisimamishwe na jina lichongwe upya. Kwenye kifungu cha nne niliandika jina. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na saba, kifungu cha nne kilikuwa na jina! Nikaambatanisha picha. Jibu lilifika juzi, na ndiyo sababu nimewajia na hasira. Nanukuu. "Picha uliyotuma inaonyesha udongo. Kwa kuwa jiwe lenyewe halina maandishi yoyote, haliwezi kutambuliwa kuwa ni kumbukumbu ya mtu."

Basi. Nimelisoma. Sitalisoma tena.

Kitabu cha Avis kiko kwa mchapaji sasa. Mawe mia nne na kumi na mawili, bila pengo. Watu wa kanuni wanasema Avis mwenyewe hatawekewa jiwe mpaka udongo utulie, miezi sita au zaidi, na maneno yake yatahitaji ruhusa. Kwa hiyo ukienda leo kona ya kaskazini utakuta jiwe lisilo na maandishi, na ubavuni mwake kifusi kisicho na jiwe. Hao ni majirani wawili, na hakuna hata mmoja anayesomeka.

Kwa Denis, kwa Lorna, na kwa wajukuu wote wa Avis, sisi wa kipindi hiki tunawapa pole. Poleni sana. Denis, najua unanisikiliza huku chai inapoa. Kunywa chai yako, bata wangu. Kesho nakuja kukirudisha kioo, tukifunge kwenye mlango wake.

Na nyinyi wasikilizaji, nawaomba mambo mawili mkayafanye. Nendeni kwenye makaburi yaliyo karibu nanyi, msome jiwe moja kwa sauti, hata kama hamumjui aliyelala. Na siku mkiwa kikaoni, mna njaa, na mtu anauliza wanaokubali, ushusheni kwanza huo mkono. Ulizeni.

Mimi nina kipaza sauti, na kipaza sauti hakihitaji ruhusa ya dayosisi. Kwa hiyo namalizia kwa kuwasomea kilichoandikwa kwenye daftari, kama kilivyo.

Namba mia tatu arobaini na saba. Hapa umelala mwili wa Thirza, herufi ya nne iko juu, inaning'inia. Thirza Wormall, mke wa Job Wormall, fundi viatu wa parokia hii. Alifariki tarehe tisa Februari, mwaka 1763, akiwa na umri wa miaka thelathini na minne.

Na pia Avis Tebbutt.